Vijiwe vimejaa, takwimu ndogo: nani anadanganya?

Mdogo wangu, umeuliza iweje kiwango cha ukosefu wa ajira kwa vijana wa kiume kionekane kidogo wakati kijiwe cha bodaboda mtaani kwenu hakina pa kukanyaga. Hakuna anayedanganya. Ni kipimo chenyewe.

Kwa vigezo vya Shirika la Kazi Duniani (ILO), aliyefanya kazi ya kipato japo saa moja katika wiki ya rejea (wiki ambayo utafiti unaiulizia) ana ajira. Yule kijana aliyelalia tanki la pikipiki tangu alfajiri akapata abiria mmoja wa buku? Ana ajira. Asiye na ajira ni yule asiye na kazi kabisa, anayeitafuta na yuko tayari kuianza. Aliyechoka kutafuta hahesabiwi popote katika kiwango hicho.

Halafu angalia kigawanyo, yaani idadi unayogawia: ni wenye kazi na wanaotafuta tu. Hapo wengi huteleza. Chukua vijana 100: 40 wanasoma tu, 10 wamekata tamaa, 45 wana kazi, 5 wanatafuta. Kiwango ni 5 kwa 50, yaani asilimia 10, si 5 kwa 100.

Kwa tasnifu yako, weka pembeni yake kipimo cha vijana wasio masomoni, kazini wala mafunzoni. Kwa mfano wa hapo juu kingekuwa asilimia 15: wale 10 waliokata tamaa na 5 wanaotafuta, kwa vijana wote 100. Na kagua umri kabla ya kulinganisha: ILO huanzia 15 hadi 24, Tanzania kijana hufika 35. Msimamizi wako atakubana hapo kwanza.