Kabla hujawafukuza wageni

Ndugu yangu, umeuliza wageni wametuletea faida gani zaidi ya kutunyang'anya kazi. Anza na kitoweo chako. Wapemba, ambao asili yao ni kisiwa cha Pemba kule Zanzibar, wamevua bahari hii ya Kwale na Kilifi miaka nenda miaka rudi, na serikali imewatambua kuwa Wakenya 2023 tu. Wamakonde waliotoka Msumbiji kuja kukata mkonge Kwale walisubiri mpaka 2016. Yule nguru uliyemla na wali wa nazi hukumuuliza kavuliwa na mwenye kitambulisho gani.

Hoja yako kwamba wageni wanashusha mishahara siipuuzi, ina ukweli. Kwenye mjengo mmoja Bamburi nimeona kibarua asiye na karatasi akilipwa mia nne kwa siku, mwenzake wa hapa mia saba. Karai la zege ni lile lile. Lakini ile mia tatu iliingia mfuko wa nani? Wa tajiri, maana kijana akidai anatishiwa polisi. Apate karatasi uone kama atakubali tena mia nne.

Halafu (usikasirike) juzi umetuambia shemeji yako yuko Doha, ndiye anayelipa karo za watoto. Naye arudi?