Nimeitambua mbinu ya lugha, sasa niandike nini juu yake?

SWALI: Ninasoma fasihi ya Kiingereza. Tashbihi, sitiari, takriri na tashihisi ninazijua, na nikipewa kifungu ninazipigia mstari zote. Lakini kazi zangu hurudi na maoni yale yale: umetaja, hujachambua. Nifanye nini zaidi ya kutaja? Pili, kinaya kinanipita kabisa. Wenzangu wanacheka, mimi nimeamini kila neno. Tatu, naomba unitofautishie metonimia na sinekidoki.

JIBU: Ukitaja jina la mbinu, umemwambia msomaji mwandishi alishika chombo gani. Anayesahihisha anataka kujua chombo hicho kilifanya kazi gani pale. Kwa hiyo kila unapopiga mstari, jiulize: kama mwandishi angelisema jambo hili kwa maneno ya kawaida, nini kingepotea? Jibu lako ndilo uchambuzi. Ukikosa jibu, iache mbinu hiyo uende kwenye nyingine. Aya mbili zilizochimba zinashinda orodha ya mbinu kumi.

Tuchukue sitiari. Tarehe 28 Agosti 1963 Martin Luther King alihutubia umati mkubwa jijini Washington. Watu wengi wanaikumbuka hotuba ile kwa maneno yake kuhusu ndoto, lakini kwa mchambuzi kuna utajiri mkubwa zaidi karibu na mwanzo. King anasema waasisi wa Marekani waliandika hati ya ahadi ambayo kila raia angeirithi, na kwamba raia weusi wamepewa hundi mbovu, iliyorudishwa kwa sababu hakuna fedha za kutosha. Kisha anaongeza kwamba wanakataa kuamini kuwa benki ya haki imefilisika.

Ukiandika kuwa King ametumia sitiari ya hundi kuonyesha ukosefu wa haki, umesema kweli, ila bado umesimama mlangoni. Ingia ndani. Mwenye hundi haombi hisani, anafuata chake. Hundi ikikataliwa, aibu ni ya aliyeiandika. Kwa picha hiyo moja waliokuwa wakionekana kama waombaji wamekuwa wadai, na serikali iliyojiona mfadhili imekuwa mdaiwa. Tena kwa kukataa kuamini kuwa benki imefilisika, King anasema nchi ina uwezo wa kulipa. Lawama na tumaini vimebebwa na picha ile ile. Maneno makavu kama "tunadai haki zetu" yangeifikisha hoja, lakini yasingeihamisha aibu. Hayo ndiyo ya kuandika. Na sitiari inaporefushwa namna hii, fuata kila kipande chake, maana kila kipande kipya ni dai jipya.

Kwenye takriri, nakuomba neno "kusisitiza" ulipumzishe. Karibu kila takriri inasisitiza, kwa hiyo ukilisema hilo hujasema lolote kuhusu kifungu chako. Tazama kinachorudiwa, halafu tazama kwa makini zaidi kinachobadilika. Tarehe 4 Juni 1940, siku uokoaji wa majeshi kutoka Dunkirk, pwani ya Ufaransa, ulipokamilika, waziri mkuu wa Uingereza Winston Churchill alisimama bungeni London akarudia tena na tena "we shall fight", yaani tutapigana. Kurudia maneno mwanzoni mwa sentensi au vishazi vinavyofuatana huitwa anafora. Sasa fuata mahali anapopataja: Ufaransa, baharini, angani, kisha fukwe, viwanja vya kutua, mashamba, mitaa, vilima. Hiyo ni ramani, na vita ndani yake vinazidi kusogea nyumbani. Ukifika kwenye mitaa, adui ameshatua na ameshaingia mijini. Churchill hakutamka kwamba huenda wakashindwa pwani, lakini orodha yake imelikubali jambo hilo kimyakimya, huku kitenzi kikigoma kubadilika. Majeshi yanarudi nyuma, nia hairudi. Mwishoni mwendo unavunjika ghafla: "we shall never surrender", hatutasalimu amri kamwe. Sikio lilishatarajia "fight" kwa mara nyingine, likapewa kitu kingine, na uzito wote ukaangukia hapo. Mimi huiona anafora hii kuwa darasa zima la takriri, kwa sababu nguvu yake iko pale inapokatika.

Takriri ikiwa mwishoni huitwa epistrofi. Lincoln alipomalizia hotuba yake ya Gettysburg tarehe 19 Novemba 1863 kwa "of the people, by the people, for the people", watu walibaki mahali pao na vihusishi ndivyo vilivyobadilika: serikali ni yao, inaendeshwa nao, ipo kwa ajili yao. Mpangilio ukipinduliwa ni kiasmo. John F. Kennedy, tarehe 20 Januari 1961, aliwaambia raia wasiulize nchi itawafanyia nini, waulize wao wataifanyia nini nchi. Raia na nchi wamebadilishana nafasi katika sentensi, na hilo hasa ndilo alilotaka litokee katika maisha yao.

Sasa kinaya, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu wasomaji makini ndio wanaonaswa. Wanayaheshimu maneno na kuyachukua yalivyo. Mwaka 1729 Jonathan Swift alichapisha kijitabu kinachopendekeza kwamba maskini wa Ireland wauze watoto wao wa mwaka mmoja wawe kitoweo cha matajiri. Ukisoma kurasa za mwanzo bila tahadhari unakutana na mwananchi mwema: mpole, mwenye huruma, mwenye mahesabu. Anakadiria watoto 120,000 wanaozaliwa kila mwaka kwa wazazi maskini, anatenga 20,000 wa kuendeleza kizazi, na 100,000 waliobaki anawapeleka sokoni.

Alama ya kwanza ya kinaya ni sauti isiyolingana na jambo. Mtu anayezungumzia kuchinja watoto kwa sauti ya mhasibu aliyetulia hawezi kuwa Swift mwenyewe. Ni msemaji aliyebuniwa, na Swift amesimama nyuma yake. Tenganisha hao wawili na nusu ya tatizo lako itakwisha. Alama ya pili ni kile msemaji anachokikataa kwa haraka. Kuelekea mwisho anasema asisikie mtu akimtajia njia nyingine, kisha anazitaja moja baada ya nyingine: kuwatoza kodi wenye mashamba wanaoishi nje ya nchi, kutumia bidhaa za nyumbani, wenye ardhi kuwahurumia wapangaji wao. Hizo ndizo tiba ambazo Swift alizitaka kweli. Amezificha mahali pa wazi, ndani ya kauli ya kuzikana.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini mahesabu yanatisha. Msemaji anafanya kwa maneno kile ambacho watawala na wenye mali walikuwa wakikifanya kwa sera, kumhesabu maskini kama mzigo au bidhaa. Msomaji akishtuka, mshtuko huo unamwelekea yeye na jamii yake. Shutuma ya moja kwa moja ingemwacha akitikisa kichwa na kuendelea na shughuli zake.

Kuna pia kinaya cha kidrama, pale hadhira inapojua jambo ambalo mhusika halijui, na kinaya cha hali, pale tokeo linapokuwa kinyume cha kilichotarajiwa. Hivi viwili havitakusumbua ukikumbuka kuuliza nani anajua nini, na tangu lini.

Kitakachokusumbua zaidi ni ndugu wa kinaya, yaani kusema pungufu kwa makusudi, ambako ni kawaida sana katika maandishi ya Waingereza. Paa limeng'olewa na dhoruba, mhusika anasema kulikuwa na upepo kidogo. Ukichukulia kuwa hakuona hatari, umemkosa. Mara nyingi anaificha hofu au anailinda heshima yake, na kadiri tukio linavyozidi kuwa kubwa kuliko maneno yake ndivyo unavyopaswa kusimama hapo na kumchunguza.

Swali lako la tatu ni jepesi. Katika metonimia, kitu hutajwa kwa jina la kingine kinachohusiana nacho. Gazeti likiandika kwamba Downing Street imekanusha habari, aliyekanusha ni ofisi ya waziri mkuu wa Uingereza, si mtaa. Katika sinekidoki, sehemu husimama badala ya kizima, kama nahodha anapoita "all hands", mikono yote, akiwa na maana ya mabaharia wote. Jipime hivi: kilichotajwa ni kipande cha kinachokusudiwa? Kama ndiyo, ni sinekidoki. Wapo wataalamu wanaoihesabu sinekidoki kuwa aina ya metonimia, kwa hiyo usipoteze usingizi kwa mpaka huo. Uliza kwa nini mikono ikatajwa badala ya vichwa au majina. Nahodha anahitaji nguvu zao, maoni yao hayahitaji, na mwandishi aliyelichagua neno hilo katika simulizi ya uasi wa mabaharia huenda ameshakuonyesha chanzo cha uasi wenyewe.