Triple 9: usimalizie bando hapo

Kaka nimekuelewa, umeona Kate Winslet, Chiwetel Ejiofor na Woody Harrelson kwenye posta moja ukajua Triple 9, ile filamu ya 2016 ya majambazi na polisi mafisadi, lazima iwe moto, sasa unauliza ununue bando uicheki na familia. Mi nakushauri acha. Ule wizi wa benki mwanzoni ni mtamu kweli, rangi nyekundu ya kutia alama hela za wizi inalipuka humo humo ndani ya gari majambazi wakikimbia, ila baada ya hapo wahusika wanakuwa wengi mno hujui umhurumie nani. Watoto ndo wasikae kabisa, damu nyingi na vichwa vya watu vimekatwa. Ukitaka polisi fisadi aliyeigizwa haswa anza na Training Day ya 2001, Denzel Washington alibeba Oscar kwa ile.