Maana na asili ya neno "larboard"

Ndugu uliyeuliza maana ya "larboard" katika simulizi za kale za mabaharia wa Kiingereza, neno hilo linataja upande wa kushoto wa chombo, kwa mtu aliyesimama tezi, yaani nyuma ya chombo, akitazama omo, yaani mbele yake. Asili yake inaeleweka vizuri zaidi tukianza na upande wa kulia, "starboard", ambao katika Kiingereza cha kale uliitwa "steorbord", yaani upande wa usukani. Kwa kuwa watu wengi hutumia mkono wa kulia, kasia kubwa la kuongozea chombo lilifungwa upande huo, karibu na tezi. Kasia hilo lingeweza kuvunjika likibanwa na gati, hivyo chombo kilifungwa kwa ubavu wa kushoto, na huko ndiko shehena ilikopakiwa. Ndiyo sababu wataalamu wengi hulihusisha umbo la zamani la "larboard", yaani "ladebord", na kitenzi cha kupakia, na inaelekea matamshi yalibadilika baadaye kwa kufuata yale ya "starboard".

Mfanano huo ulikuwa hatari kweli, kwani amri inayotolewa katikati ya dhoruba lazima isikike bila utata wowote. Jeshi la Wanamaji la Uingereza liliagiza mwaka 1844 kwamba "port" litumike badala ya "larboard", na lile la Marekani likafuata mwaka 1846, ingawa mabaharia walikuwa wamekwisha kulizoea katika amri za usukani tangu karne ya 17.