Breki za Probox zinalegea mteremko wa Kericho: shilingi 15,000 zitatosha?

Swali: Fundi, salamu kutoka Molo. Nina Probox ya mwaka 2010, otomatiki, napeleka viazi soko la Kibuye, Kisumu, mara mbili kwa wiki. Nikitoka Kericho kuteremka kuelekea Awasi, breki zinaanza kunuka, kisha pedali inakuwa laini na kwenda chini sana. Nikipumzika Ahero kama nusu saa inarudi sawa. Asubuhi pia pedali iko chini, ila nikipampu mara mbili inapanda. Usukani nao unatetemeka nikishika breki kwa kasi. Fundi wangu anataka kunifungia diski kubwa zilizotobolewa matundu, na aondoe dramu za nyuma aweke diski. Jumla ni shilingi 70,000. Mimi nina 15,000. Nikope, au kuna njia nyingine?

Jibu: Usikope, ndugu yangu. Lakini kabla hatujafika kwenye pesa, nakuomba jambo moja: usiteremke Kericho tena na mzigo mpaka mafuta ya breki yawe yamebadilishwa. Pedali inayozama katikati ya mteremko haikupi onyo mara nyingi, na wewe tayari umeonywa.

Joto linaweza kuzishinda breki kwa namna mbili, na mguu wako unaweza kuzitofautisha. Pedi zikipata moto kupita uwezo wake, pedali inabaki juu na ngumu. Unakanyaga kwa nguvu zote na gari halipungui mwendo. Mafuta ya breki yakichemka, mambo ni kinyume: ndani ya kalipa (kile kibano kinachosukuma pedi zibane diski) unatokea mvuke, na kwa kuwa mvuke unabanika, mguu unazama bila pedi kusukumwa vya kutosha. Ukisimama breki zikapoa, mvuke unageuka kuwa majimaji tena na pedali inapanda kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo ndilo linalokupata Ahero. Na ndiyo maana gereji nyingi hazioni ugonjwa huu: gari linafika likiwa limepoa, fundi anakanyaga, anasema breki ziko sawa.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa polepole, kupitia mipira ya breki (mabomba laini yanayopeleka mafuta kwenye magurudumu) na kifuniko cha chupa yake. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi nyuzi 140 tu. DOT 4 huanza na 230, na yakiwa na maji kiasi hicho hicho bado yanavumilia hadi 155. Gari lako lina zaidi ya miaka kumi, na ukiuliza mwenye gari aliyekuuzia ni lini mafuta yalibadilishwa, nina hakika atakuambia huongezwa tu yakipungua. Kuongeza si kubadilisha.

Sasa tazama kazi unayoipa breki hizo. Kericho iko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kano pale Ahero uko chini kwa zaidi ya mita 800. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 800, nishati inayotakiwa kumezwa inatosha kuchemsha zaidi ya lita 30 za maji baridi. Sehemu yake inachukuliwa na upepo, matairi na injini. Inayobaki yote inaishia kwenye vipande vya chuma ndani ya magurudumu manne. Na hapo nimehesabu mzigo wa halali. Probox ya mizigo iliundwa Japani ibebe kilo 400 pamoja na watu wawili. Magunia ya viazi ya kwetu unayajua. Ukipakia mara mbili ya kiasi hicho, hata diski za shilingi 70,000 utazichemsha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumwaga mafuta yote ya zamani na kuweka DOT 4 kutoka kwenye kopo ambalo halijafunguliwa. Si kopo lililokaa wazi kwenye rafu, maana hilo limeshaanza kunyonya maji. DOT 4 inaingia salama kwenye mfumo uliokuwa na DOT 3. Usikubali DOT 5 yenye silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine, na usichanganye jina lake na DOT 5.1, ambayo ni kitu tofauti. Kamwe usikubali mafuta ya gia au ya usukani, hata kwa dharura ya barabarani, kwa sababu yanavimbisha mipira ya ndani ya masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) na ya kalipa, na utanunua vyote upya.

Wakati wa kutoa hewa simama hapo uangalie. Mwenzako anakanyaga pedali na kuishikilia, fundi anafungua nati ya kutolea hewa, mafuta yanatoka kwenye mpira mwembamba uliozamishwa kwenye chupa, nati inafungwa, ndipo mguu unaachia. Yatatoka meusi kama chai ya rangi. Endeleeni mpaka yatoke mang'avu, gurudumu moja baada ya lingine, na chupa ya juu isikauke hata mara moja. Jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza: kwenye gari la umri huu, pedali isikanyagwe mpaka chini kabisa. Ndani ya masta silinda, sehemu ambayo mipira haifiki kila siku huwa na kutu, na ikisukumwa huko inachanika. Weka kipande cha ubao chini ya pedali. Nimepokea magari yaliyoingia kutolewa hewa tu yakatoka na masta silinda iliyokufa kwa sababu hiyo.

Pedali ya asubuhi inayopanda ukipampu ni habari nyingine, nayo iko nyuma. Viatu vya breki ndani ya dramu vikilika, kuna kirekebishi chenye meno kama ya nyota kinachopaswa kuvisogeza chenyewe. Vumbi na matope ya Molo hukigandisha. Umbali kati ya viatu na dramu unakua, mguu wa kwanza unaishia kuziba pengo hilo, wa pili ndio unaoshika. Dramu ikipata moto nayo inapanuka, pengo linaongezeka, na tatizo lako la mteremko linazidi. Fungua dramu, safisha kirekebishi hicho, kipake grisi ya breki kidogo, kisha kizungushe mpaka dramu irudi kwa kukwaruza kidogo tu. Usifanye hivyo kwa kukaza waya wa hendibreki. Huko ni kuficha ugonjwa. Ukikuta wili silinda (pampu ndogo inayosukuma viatu) inavuja na viatu vimelowa mafuta, vitupe. Kuna tabia ya kuvichoma kwa petroli vikauke. Mafuta yameshaingia ndani ya nyama ya viatu inayosugua dramu, na yatatoka tena vikipata moto, upande mmoja ushike na mwingine uteleze. Vumbi la ndani usilipulize kwa upepo wa kompresa. Lioshe kwa maji na sabuni, kwa ajili ya mapafu yako na ya fundi.

Wazo la kuondoa dramu na kuweka diski nyuma liache kabisa. Mizani ya nguvu kati ya mbele na nyuma ilipangwa na waliounda gari. Ukibadilisha nyuma bila kupanga upya mizani hiyo, magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga kabla ya ya mbele, na siku ya mvua gari litazunguka. Diski kubwa za mbele nazo zinadai kalipa nyingine, mabano yake, na mara nyingi rimu kubwa zaidi. Matundu kwenye diski ya bei nafuu ndiyo mwanzo wa nyufa. Kwa gari la mbio lenye pedi zake maalumu yana kazi. Kwa viazi hayana.

Mbele ndiko pesa yako kubwa iende, kwenye pedi nzuri. Zikague kabla ya kulipa. Kwenye ukingo au mgongo wa pedi nyingi kumepigwa herufi mbili, kama EE, FF au GG. Ya kwanza ni mshiko wa pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa na moto. E ni mshiko wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa safari yako usichukue chini ya FF, na kimbia pedi ambayo herufi ya pili iko chini ya ya kwanza, kwa sababu inalegea pale pale unapoihitaji. Herufi hazikuambii pedi itadumu muda gani, na feki nazo hupigwa herufi, kwa hiyo nunua kwa mwenye duka ambaye atakuwepo ukirudi. Mwombe risiti.

Zikifungwa, toa pini mbili ambazo kalipa inatelezea. Ukikuta pedi moja imelika sana kuliko mwenzake kwenye gurudumu lile lile, pini imeganda, au pistoni hairudi. Sugua pini mpaka ziwe laini, zipake grisi ya silikoni, si ile ya bearingi, kwa kuwa hiyo inavimbisha mipira. Kazi hii ya dakika chache inarudisha breki nyingi kuliko watu wanavyodhani. Hapo hapo ikunje mipira ya breki kwa vidole. Yenye nyufa ibadilishe. Wakati mwingine mpira unavimba kwa ndani huku nje ukionekana mzima, mafuta yanaingia kwenye kalipa yasirudi, na gurudumu moja linakuja na moto kuliko lingine.

Kutetemeka kwa usukani mara nyingi ni diski ambayo unene wake hauko sawa pande zote, au iliyofungwa juu ya kutu. Kabla ya kumwachia mtu wa leithi aichonge, tafuta maandishi MIN TH kwenye diski yenyewe. Ni unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Pimeni, mtoe kitakachochongwa, na kama itabaki chini ya namba hiyo usiichonge. Diski nyembamba haina mahali pa kuweka joto. Itabidi ununue mbili mpya za saizi ile ile ya kiwanda, na hapo 15,000 yako itabana. Viatu vya nyuma vinaweza kusubiri mwezi kama bado vina nyama. Sugua kutu yote kwenye habu (kitovu ambacho diski inakalia) kabla diski haijarudi, na nati za gurudumu zikazwe kwa kupishana, newtoni mita 103, kwa spana ya kupimia. Ile bomba ndefu ya kurukia kwa miguu hupinda diski mpya.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Tafuta barabara tulivu, endesha hadi kilomita 60 kwa saa, shika breki kwa nguvu ya wastani mpaka kama 10, achia bila kusimama, rudia mara nane hivi ukiacha nafasi ya kupoa. Ukimaliza endesha bila kugusa breki dakika kadhaa. Usisimame na kushikilia pedali zikiwa na moto.

Halafu kuna sehemu isiyogharimu chochote, ambayo kwa maoni yangu ni nusu ya dawa yako. Unashuka Kericho ukiwa kwenye D, si ndiyo? Zima O/D (gia ya juu kabisa ya mwendo kasi) kabla mteremko haujaanza, na pale panapozidi weka 2. Injini ikishika gari, utaisikia ikinguruma, haiumii. Ukiona mwendo unapanda, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka upungue vya kutosha, kisha achia kabisa zipate upepo. Mguu unaokaa juu ya pedali kilomita nzima ndio unaochemsha mafuta. Na wale wanaoweka fri (gia huru) ili waokoe petroli, au hata kuzima injini: busta, kile kinachousaidia mguu wako kukanyaga breki, ikikosa injini inabakiza nguvu ya kukanyaga mara mbili au tatu tu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama mwamba.

Ikitokea pedali imezama kabla hujaifanya kazi hii, pampu haraka, shusha gia hadi 2 kisha L mwendo unapopungua, vuta hendibreki taratibu huku umebonyeza kitufe chake, na tafuta upande wa kupanda.

Pengine utauliza kama kuna siku ya kuboresha zaidi. Ipo, lakini anza na matairi, kwa sababu breki kali kwenye tairi gumu inafunga gurudumu tu. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kama ya kwako ni ya zamani hivyo, pesa inayofuata iende huko, na uchague yenye uwezo wa mzigo ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Mafuta ya breki yabadilishe tena baada ya miaka miwili.