Hadithi yako isile makombo ya siku

Wewe unayeanza kazi ya kuandika matangazo huku una hadithi zako zimelala kwenye droo, nina jambo moja la kukusisitizia: usizilishe makombo ya siku. Miaka yangu 2 ya kwanza niliandika hadithi usiku, baada ya kazi, na sikumaliza hata moja. Muda ulikuwepo. Maneno ndiyo yaliyokuwa yameisha. Ukishinda unampimia mteja kila neno, jioni ukikaa na hadithi yako kila sentensi inatoka na harufu ya duka.

Sasa naamka saa 11 alfajiri na kuandika dakika 50 kabla sijagusa simu. Ni chache, lakini kichwa bado ni changu. Peter Carey, mwandishi wa Australia, kuna kipindi katika miaka ya 1970 alikuwa akifanya kazi ya matangazo Sydney wiki moja tu kwa mwezi, zilizobaki akaandika. Mpango wa namna hiyo haupatikani kirahisi. Kwa wengi wetu mfano wa karibu ni Dorothy L. Sayers: aliajiriwa katika kampuni ya matangazo London kuanzia 1922 hadi 1931, na katika miaka hiyohiyo akatoa riwaya za upelelezi moja baada ya nyingine.

Halafu kuna ufundi wenyewe. Utaambiwa kuandika ni kuandika tu, tangazo na hadithi ni mamoja. Mimi sikubali. Niliwahi kupewa kazi ya godoro, nikaandika: “Lala vizuri, amka na nguvu.” Mteja akaridhika, na alikuwa na haki ya kuridhika. Wiki ileile nilikuwa na mhusika, mjane, nikamwandikia hivi: “Alijilaza kwa huzuni kwenye godoro lililojaa kumbukumbu.” Nilijisifu. Baada ya siku 3 nikaisoma tena, nikaona kumbe bado nauza: nimeshamwamulia msomaji ahisi nini, sikumwachia kazi yoyote. Nikaifuta. Iliyobaki ni hii: “Upande wa ukutani godoro lilikuwa bado limebonyea. Kila asubuhi alitandika shuka juu ya lile bonde, asiligeuze.”

Kwa hiyo, kabla ya kufungua hadithi, soma kwanza kurasa 2 za riwaya unayoipenda, kwa sauti. Sikio linahitaji kuhama ofisini.

Matangazo nayo hulipa fadhila. Yalinifundisha kukata aya niliyoipenda, kupokea masahihisho bila kununa na kukabidhi kazi siku iliyopangwa. Wahariri wa hadithi hufurahi sana kumpata mtu wa namna hiyo.

Na tafadhali, soma mkataba wako. Katika nchi nyingi, kazi uliyoiandika ukiwa mwajiriwa, kama sehemu ya ajira yako, hakimiliki yake ni ya mwajiri, na mikataba mingine huenda mbali zaidi ya hapo. Mimi niliandika hadithi fupi kwenye kompyuta ya ofisi wakati wa mapumziko ya mchana, na ilinichukua wiki kadhaa za barua kabla hawajakubali kuwa ni yangu. Uliza kuhusu kifungu cha hakimiliki kabla ya kusaini, upate jibu kwa maandishi, na hadithi zako uziandikie kwenye daftari ulilolinunua mwenyewe.