Mwanamke Mwenye Mdomo wa Ndege

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nilinunua kinyago cha mpingo katika maduka ya Mwenge, Dar es Salaam. Kiwiliwili chake ni cha mwanamke mwenye matiti marefu, lakini kichwa kina mdomo wa ndege na miguu inaishia kwenye kwato. Mama mkwe amenikataza kukiweka sebuleni kwa kuwa ni shetani. Je, ni kweli? Na kwa nini wachongaji humchanganya mwanamke na mnyama?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mama mkwe wako amelitaja jina lenyewe, kwani hata wachongaji wa Kimakonde huuita mtindo huo shetani. Hata hivyo, kuchonga umbo la shetani si kumwita shetani, na wazee wetu walikwisha kusema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi.

Tuanze na mwanamke, maana ndiye aliyetangulia. Katika ngano ya asili ya Wamakonde, mtu mmoja aliyeishi peke yake porini, asiyeoga wala kunyoa, alichonga gogo kwa umbo la mwanamke na kulisimamisha nje ya kibanda chake. Kulipopambazuka, gogo lile lilikuwa mwanamke hai, naye akawa mkewe. Watoto wao wawili wa kwanza, waliozaliwa mabondeni, walikufa, na wa tatu alipona baada ya wazazi kuhamia juu kwenye uwanda. Kwa watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, hadithi hiyo ina uzito mkubwa: mama wa kabila zima alitoka katika mti uliochongwa. Ndiyo maana hata katika mapiko, ngoma ya Wamakonde inayochezwa kwa vinyago, mchezaji, ambaye ni mwanamume, aliweza kuvaa kifuani kinyago cha kiwiliwili chenye matiti na tumbo la mimba lililochorwa chale.

Mnyama katika umbo kama la kinyago chako alishika nafasi baadaye, mjini. Wachongaji wengi walivuka kutoka Msumbiji kuingia Tanganyika, wengine wakifanya kazi katika mashamba ya mkonge, na Dar es Salaam wakapata wanunuzi. Mtindo wa shetani huhusishwa na Samaki Likankoa na mfanyabiashara Mohamed Peera, mnamo miaka ya 1950. Husimuliwa kwamba kinyago cha Samaki kilivunjika mkono, naye badala ya kukitupa akakilainisha hadi kikawa kiumbe kisichofanana na binadamu, na Peera akakipenda. Imani ya mashetani wa porini ilikuwa ya zamani kuliko soko hilo. Kipya kilikuwa ni kuwapa mwili wa mpingo.

Mpingo wenyewe nao huchangia. Shina lake mara nyingi limepinda, na mchongaji hodari huanza kazi kwa tezo bila mchoro wowote, akifuata mkunjo wa gogo: penye kifundo huona titi au jicho, na tawi lililojitokeza huligeuza kuwa pembe au mdomo. Baadaye George Lilanga (1934–2005), aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii jijini Dar es Salaam, aliwapa mashetani wake masikio makubwa na matumbo yaliyotuna, akawapaka rangi, wakaonekana kama majirani wanaosengenyana.

Sikubaliani kabisa na wanaosema kuwa vinyago hivi humdhalilisha mwanamke kwa kumfananisha na mnyama. Vipo vilivyochongwa harakaharaka kwa ajili ya watalii, navyo ni vya ovyo kweli. Lakini katika kazi njema matiti na tumbo hubaki kuwa alama ya uzazi, na viungo vya mnyama humwonyesha mtazamaji kwamba kiumbe huyu anaishi upande wa pili, porini, ambako sheria za kijiji hazifiki.

Kiweke sebuleni, ila mbali na jua la dirishani, kwa sababu mpingo hupasuka. Kisha mkaribishe mama mkwe akizunguke pamoja nawe, mkitafuta mahali ambapo shingo ya mwanamke inakwisha na ya ndege inaanza. Kama mchongaji alikuwa fundi, hamtapaona kwa urahisi.